Mara Tisini na Saba

Siku ya mwisho ya kupeleka mafaili ya kupandishwa vyeo, chumba cha fotokopi pale chuoni humtakii hata adui yako. Mashine mbili, moja mgonjwa. Foleni imetoka mlangoni mpaka kwenye ngazi, wasomi wazima wamekumbatia makaratasi, kila mmoja akimchungulia mwenzake faili lake limenenepa kiasi gani. Hapo ndipo mkemia mmoja mrefu, shati jeupe lenye doa la zambarau mfukoni, alipogeuka kumpisha mtu na kumwaga makala zake zote arobaini na moja sakafuni.

Watu walicheka, wakaziruka. Aliyeinama ni mwanamke mmoja tu, gauni la rangi ya haradali, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi mweusi.

"Usiokote ovyo, utachanganya kurasa," alisema. "Hii ni ya mwaka gani?"

"Dada yangu, hata sijui."

"Uiandike wewe, halafu usiijue? Makubwa."

Alizipanga kwa mwaka, harakaharaka, magoti sakafuni bila kujali gauni. Mkemia alibaki ameshika kurasa mbili mkononi kama mgeni aliyenyimwa kiti.

"Mbona unazijua kuliko mimi?"

"Kwa sababu mimi ndiye nitakayezihesabu."

Kumbe ndiye huyu. Chuo kizima kilimjua mkutubi wa ghorofa ya pili kwa jina la Mama Hesabu. Kila aliyetaka kupanda cheo, faili lake lilipita mezani kwake: ameandika makala ngapi, na watafiti wengine wamezitaja mara ngapi katika makala zao. Mtu akitoka pale anapiga mluzi, ujue amefika. Akitoka amenuna, usimsalimie siku hiyo.

"Nilidhani Mama Hesabu ni bibi kizee," alisema.

"Na mimi nilidhani wakemia wana mikono imara. Haya, Bwana Mwaga, foleni inakwenda."

Jioni ile simu ya mkutubi ililia akiwa anakatakata vitunguu jikoni kwa shangazi yake.

"Nilitaka kuuliza kama makala zangu zimefika salama."

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Mtafiti hatoi siri ya chanzo chake."

"Basi mtafiti akalale," alisema, lakini simu hakukata. Shangazi, aliyekuwa anachambua mboga, alimtazama mpwa wake akicheka na kitunguu mkononi, machozi yakimtoka, akajua mambo yameiva.

Nisiwachoshe na miezi mitatu ya raha. Walikunywa chai kwenye kibanda nyuma ya maabara, mkemia alimfundisha mkutubi kutofautisha harufu za chupa kumi macho yakiwa yamefumbwa, na mkutubi akamfundisha kuandika tarehe kwenye kila kitu. Mkemia alimwita "roho yangu" mbele za watu bila aibu. Mkutubi aliendelea kumwita Bwana Mwaga, hata kwa shangazi.

Baba yake mkemia alikuwa mgonjwa wa kitandani, mapafu yamechoka. Kila mwanawe alipompigia, mzee aliuliza jambo lile lile.

"Wameshakupa?"

"Bado, baba. Wanahesabu."

"Anahesabu nani?"

"Mkweo, akikubali."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mpe simu. Mama, nihesabie profesa wangu vizuri. Mimi huku nimeshawaambia majirani."

Sharti la uprofesa lilikuwa moja lisilo na mjadala: kazi zako ziwe zimetajwa na wenzako mara mia mbili. Na mkemia alikuwa ameahidi, kwa mdomo wake, kwamba wiki ile akipata cheo, wazee wake watakwenda kwa shangazi kuposa. Kwa hiyo mkutubi alipohesabu, alikuwa anahesabu harusi yake mwenyewe. Mimi simlaumu kwa alichofanya baadaye. Mapenzi humfanya mtu apekue.

Alimfuata maabara saa ya chakula cha mchana, karatasi mkononi. Kulikuwa kweupe, bomba linadondoka, chupa zimepangwa dirishani zikimeremeta.

"Nimemaliza," alisema. "Umetajwa mara mia mbili na kumi na nne."

Mkemia alimshika mikono yote miwili, akambusu vidole kimoja kimoja. "Jumamosi, roho yangu. Jumamosi wazee wanakuja."

"Kaa kwanza, mpenzi. Tisini na saba kati ya hizo ni za makala moja. Ile ya unga wa kutoa sumu ya madini ya risasi kwenye maji."

"Hiyo ndiyo iliyonitoa."

"Nimezisoma."

"Umesoma nini?"

"Zote tisini na saba. Kila mahali ulipotajwa, nimesoma wamesema nini."

Mkemia aliachia mikono yake. "Nani kakutuma? Kazi yako ni kuhesabu."

"Wasichana wengine wakipata mchumba huuliza kwa majirani. Mimi majirani zako ndio hao." Alivaa miwani, akatazama karatasi ili asimtazame yeye. "Watu sitini na wawili wameujaribu unga wako. Haukufanya kitu. Mmoja ameeleza kwa nini. Anasema uliweka maji kwenye chupa za kioo. Risasi ikashika kwenye kuta za chupa. Ulipoyapima yakaonekana safi, ukausifu unga. Na hukuweka chupa moja ya maji bila unga, ya kulinganishia."

Bomba liliendelea kudondoka. Mkemia aliitazama chupa iliyokuwa karibu, akaigusa kwa kidole.

"Za plastiki zilikuwa zimeisha," alisema.

Mkutubi alishusha karatasi. Alikuwa amekuja akitumaini kwamba mchumba wake hajui.

"Umejua tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

"Miaka mitatu umenyamaza."

"Kompyuta haiulizi wamenitaja kwa wema au kwa ubaya. Inahesabu. Hata ninyi mnahesabu. Watu wakasema huyu ametajwa mara tisini na saba, wakanipigia makofi. Ningefanyaje?"

"Ungesema hicho ni kilemba cha ukoka, ukakivua." Alifungua ukurasa wa mwisho. "Thelathini na nne wamekutaja kwa kupita tu. Amebaki mmoja, wa juzi. Huyu amekuamini. Yeye na wenzake wanataka kuweka unga wako kwenye vichujio vya maji shuleni. Liandikie jarida waiondoe hiyo makala. Leo."

Mkemia hakuhitaji kuuliza atabaki na ngapi. Mia moja na kumi na saba.

"Na baba?" alisema. "Hawezi hata kukaa, lakini mgeni akiingia anasema mwanangu profesa. Unataka nimpigie nimwambie nini?"

Mkutubi alikunja karatasi yake, akatoka.

Asubuhi ya pili mkutubi alilichukua faili la mkemia akalipeleka kwa mkuu wa maktaba. Aliandika mstari mmoja, akaubana juu ya jalada, akarudi mezani kwake. Chuoni maneno hayana miguu lakini yanakimbia. Kabla ya saa sita mkemia alikuwa ameambiwa: Mama Hesabu amelirudisha faili lako kwa mkuu.

Simu ikalia.

"Umefurahi?"

"Nifurahie nini?"

"Umenichongea kwa bosi wako. Ulikuwa unanichekea kumbe unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Sikiliza, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Ulichotaka ni kupekua maisha yangu. Umeyapata, yahesabu."

Alikata. Mkutubi alibaki na simu sikioni. Angeweza kupiga tena, akaeleza kwa maneno machache tu. Lakini alikuwa ameumia, na alikuwa na kiburi chake, na foleni ya watu watano ilikuwa mbele ya meza yake. Akamwita wa kwanza.

Karani mwingine alilihesabu faili kwa kompyuta kwa dakika kumi. Mia mbili na kumi na nne. Kamati ya vyeo haikuuliza swali. Mkemia akawa profesa siku ya Alhamisi, watu wakampa mikono, naye akatabasamu kama mtu mwenye jino bovu.

Kama kachongewa, amepitaje? Ijumaa alikwenda kwa mkuu wa maktaba kuuliza. Mkuu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alifungua droo akampa kile kikaratasi.

Kiliandikwa: "Naomba mwingine amhesabu huyu. Nampenda."

Hakikuwa na neno lingine. Mkemia alikisoma amesimama, kisha akaomba kiti.

Jumamosi alikwenda kwa shangazi, peke yake, bila wazee. Mkutubi alikuwa anaanika nguo uani, kanga kiunoni, mikono imelowa. Shangazi alimkaribisha kijana, akakumbuka ghafla kwamba ana safari ya dukani.

"Nimekiona kikaratasi," alisema mkemia. "Nimekukosea sana, roho yangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu juzi. Shika hii shuka huku, imeshakauka."

Walikunja shuka pamoja, kona kwa kona, wakakutana katikati. Mkemia alimkumbatia pale pale, nguo za watu zikidondosha maji juu yao, na mkutubi akalia kifuani kwake, kwenye lile doa la zambarau. Kwa dakika moja mambo yalikuwa yamekwisha.

"Umeliandikia jarida?" aliuliza, uso bado kifuani.

Mkutubi alisikia kifua kinavyosita, akajua.

"Nitaandika," alisema mkemia. "Nakuapia. Baada ya baba. Madaktari wanasema si muda mrefu. Jana nilimwambia wamenipa, akaomba wamvalishe shati safi. Mwache afe na furaha yake, kisha nitaandika siku hiyo hiyo."

"Na vile vichujio?"

"Mambo ya shule huchukua miaka. Hawatavifunga kesho."

"Na wakivifunga?"

"Ni baba yangu," alisema mkemia. "Ni mmoja tu huyo."

Mkutubi alimtazama. Alimpenda zaidi kwa kumpenda baba yake, na ndicho kilichomuuma.

"Nimekaa na baba yako kwenye simu," alisema. "Na mimi nampenda. Lakini siwezi kuolewa huku nangoja mzee wa watu afe ili tuseme kweli. Nenda, Bwana Mwaga. Mie nitajisemea kwamba tulikutana tu kwenye foleni."

Shangazi aliporudi alikuta shuka moja chini, imepata vumbi. Aliirudisha kwenye beseni bila kuuliza.

Mzee aliishi miezi minane. Aliwashangaza madaktari, na waliomjua walisema ni lile shati safi lililompa nguvu. Kwenye mazishi walimtaja kuwa ni baba wa profesa, na mwanawe alitazama chini muda wote. Shangazi ndiye aliyehudhuria. Mkutubi alibaki kazini, na siku hiyo alikosea kuhesabu mara mbili.

Mkemia alitimiza neno lake. Kabla hajavua nguo za msiba aliliandikia jarida, akaandikia na chuo barua ya kurudisha cheo. Wiki ya tatu simu ya mkutubi ililia. Hakuwa ameifuta namba ile.

"Ni mimi."

"Najua."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za watoto wa shule, mapumziko.

"Niko kwenye shule ya pili," alisema. "Nafungua vile vichujio mwenyewe. Ya kwanza niliimaliza juzi."

Mkutubi alikaa. "Walivifunga?"

"Mwezi mmoja tu baada ya... baada ya zile shuka."

"Kwa hiyo watoto wamekunywa miezi saba."

"Saba. Wanapimwa damu sasa. Majibu bado." Mtoto mmoja akamwita mwenzake huko nyuma. "Walimu walikuwa na maji mengine, ya kisima cha mbali. Waliyaacha kwa sababu wana kichujio."

Wote wawili walikuwa wanalia, na kila mmoja alikuwa anajitahidi mwenzake asijue.

"Nimebaki na mia moja na kumi na saba," alisema mkemia.

"Naijua. Tangazo lako la kuiondoa makala liko mezani kwangu, ili nirekebishe jedwali la hesabu."

"Roho yangu, nirudi?"

Mkutubi alitazama dirishani. Kule chini watu walikuwa wamepanga foleni ya fotokopi, msimu umefika tena.

"Nakupenda," alisema. "Sijaacha hata siku moja. Lakini kila nitakapokutazama nitakuwa naihesabu hiyo miezi saba. Unanijua, siwezi kuacha kuhesabu."

Alingoja abishe. Hakubisha.

"Haya, mama," alisema mkemia polepole. "Zimebaki shule tatu."

"Vaa glavu."

"Nimevaa."

Simu ikakatika. Mkutubi alijifuta macho kwa upindo wa gauni lake, lile la haradali, akavaa miwani, akalivuta tangazo la jarida. Kurasa mbili. Lilieleza kila kitu: chupa za kioo, chupa ya kulinganishia isiyokuwepo, miaka ya kunyamaza. Alilisoma lote, maana hakuwahi kujua njia nyingine ya kumfahamu mtu yule. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na sehemu ya shukrani, ile ambayo huwa haisomwi na mtu.

"Namshukuru mkutubi. Nilimpa kazi zangu azihesabu, yeye akazisoma."

Fomu ya chuo ina nafasi ya idadi ya makala na nafasi ya mara za kutajwa. Ya shukrani haina. Alishika kalamu, akatoa tisini na saba, akaandika mia moja na kumi na saba, akaweka sahihi na tarehe. Kisha akamwita wa kwanza kwenye foleni.