Mbwa Huulizwa Jina Kwanza

Asubuhi ile Gunnar alikataa kushuka garini. Siku zote huruka nje kabla mlango haujafunguka vizuri, lakini leo alijikunyata kiti cha nyuma, mkia kaufyata, akiukodolea macho msitu wa hifadhi.

"Wewe nawe, uzee umekuanza?" Marlys akamwambia. "Shuka, baba. Kindi wako wanakungoja."

Ikabidi amvute kwa kamba. Marlys alikuwa mjane, dereva mstaafu wa basi la shule, na katika nyumba yake kule Wisconsin hakubakiwa na kiumbe wa kupumua naye ila Gunnar. Watoto wake walipiga simu Krismasi tu. Mbwa huyu ndiye aliyemwamsha na ndiye aliyemngoja mlangoni, na Marlys alisema bila haya kwamba siku Gunnar akiondoka, yeye naye wamchimbie hapo hapo kando.

Njia ilipokata kona penye mialoni walikutana na mwanamume mrefu, koti la kijivu. Mkononi alishika kamba ya mbwa, na mwisho wa kamba palikuwa na mkanda wa shingoni, mtupu, ukiburura juu ya majani makavu. Alinuka mbwa aliyeloa, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima.

"Mzuri huyu," akasema. "Anaitwa nani?"

Sasa, watembeza mbwa wa kule wana desturi yao. Mtu mtasalimiana miaka na miaka usijue jina lake, lakini la mbwa wake utalijua siku ya kwanza. Kumnyima mwenzio jina la mbwa ni kumtukana. Marlys hakufikiri mara mbili.

"Gunnar. Na wako?"

"Gunnar," yule mtu akarudia polepole. "Wangu bado hajapata jina."

Akapita. Marlys alipogeuka kumtazama, ule mkanda haukuburura tena. Ulikuwa umejiinua kimo cha goti, wenyewe, unakwenda sambamba naye.

Walirudi garini mbio, na aliyekuwa akivutwa safari hii ni Marlys.

Kesho yake mchana alikuwa jikoni akimenya viazi aliposikia mtu akiita kutoka kwenye miti nyuma ya nyumba. "Gunnar! Njoo kwa mama!" Kisu kikamponyoka. Sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, na ule ukwaruzo alioupata kwa kukemea watoto wa watu ndani ya basi, na ule mvuto wa mwisho ambao humfanya Gunnar aache hata mfupa. Na Gunnar akainuka, akamtazama yeye, akautazama mlango, akamtazama tena yeye, akitetemeka kwa kutojua mama yake ni yupi, mpaka Marlys akamrukia na kumkumbatia sakafuni, akamziba masikio kwa viganja, huku nje ile sauti ikibembeleza na kubembeleza na harufu ya manyoya mabichi ikipenya chini ya mlango.

Alimpigia simu mwenzake wa matembezi, ambaye yeye alimjua kwa jina la mbwa wake tu, Mama Hilda. Naye alifika na sahani ya vitumbua vya tufaha, kwa sababu kule hata msibani hawaendi mikono mitupu.

"Mama Gunnar," akanong'ona baada ya kusikiliza, "ulimpa jina?"

"Aliuliza."

"Aliuliza! Na akiuliza funguo za nyumba utampa?" Kisha akashusha sauti zaidi. "Unamkumbuka Baba Flossie, yule wa mbwa mweupe? Alikutana naye kona ile ile. Flossie aliitikia mwito, hakuonekana tena."

Marlys akaanza kulia. "Sina mwingine, shoga. Niambie nifanye nini."

"Litupe hilo jina. Mpe jingine, na la zamani lisitamkwe tena na yeyote, hata kwa kuteleza ulimi. Acha aite jina lisilo na mwenyewe."

"Na wewe utaniitaje?"

Wakatazamana. Miaka yote ile walijuana kwa mbwa tu. Wakacheka kicheko cha woga, wakapeana mikono kama wageni.

"Marlys."

"Verna."

Mbwa akawa Knut. Alifundishwa kwa vipande vya jibini, kila kipande na jina lake jipya, hadi akanenepa. Huko nje sauti iliendelea kuita, na mwanzoni masikio yake yaliinuka kila ilipoita, kisha kidogo kidogo yakalala. Halafu alasiri moja sauti iliita, Knut asitikisike, na kitu kikaitikia huko mitini: kilibweka, kikaja mbio juu ya majani, miguu minne mizito, kikapita chini ya dirisha Marlys asione chochote, kikaishia ilikotoka sauti. Baada ya hapo kukawa kimya. Marlys alimbusu mbwa wake puani akalia kwa furaha.

"Kapata alichotaka," Verna akasema. "Tusipourudia msitu sasa, tutauogopa mpaka kufa. Twende pamoja, jua likiwaka."

Walikubaliana kukutana penye mialoni. Marlys alitangulia kufika, na koti la kijivu lilikuwa limesimama pale. Mwisho wa kamba, ndani ya ule mkanda, hapakuwa na kitu cha kuonekana, ila majani chini yake yalibonyea na kuinuka, na palikuwa na pumzi ya haraka haraka.

"Wangu sasa ana jina," akasema kwa adabu. "Nashukuru sana. Na wewe, mama, unaitwa nani?"

Marlys akauma meno. Safari hii alikuwa amejifunza. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, Knut akinguruma miguuni pake, naye mwenyewe kaufunga mdomo mpaka taya likamuuma.

Nyuma ya kona, mahali asipoweza kumwona yule mtu, Verna alikuwa anakuja na Hilda wake. Njia nzima alikuwa akijikumbusha asije akateleza ulimi akaita Mama Gunnar.

"Marlys!" akaita kwa furaha. "Nisubiri, Marlys!"

"Marlys," yule mtu akarudia polepole. Sauti ilikuwa ya Verna.

Knut alikaza kamba, akavuta kurudi garini kwa nguvu zake zote. Miguu ya Marlys ilikuwa imeshaanza kuitikia.