Taa Iliyokaribishwa

Umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia za mume mlevi: unaondoka bila kuaga, unarudi ukipenda, na ukirudi watu wanashangilia badala ya kuuliza ulikuwa wapi. Watoto wa nje hupiga kelele, "Umerudiii!" Na katika nyumba ya mama mmoja fundi cherehani, mama mkwe wake, mwanamke wa adabu za kupindukia, alikuwa akiiangalia balbu na kuiambia, "Karibu, karibu sana. Keti, usiondoke tena." Utani tu. Mjukuu wake, msichana aliyerudia kila alichosikia mpaka wakamwita Kasuku, naye hudakia, "Karibu, keti!"

Jioni moja taa iliwaka, bibi akakaribisha, Kasuku akadakia. Ila nje hakuna aliyeshangilia.

Fundi alichungulia dirishani. Mtaa mzima ulikuwa giza totoro. Jirani alikuwa akianua nguo kwa tochi ya simu.

"Mama," alinong'ona, "mbona ni kwetu tu?"

"Mwanangu, ukipewa, shukuru. Shona."

Akashona. Alikuwa na sare za shule nzima za kukabidhi, na mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini. Tangu jioni hiyo nyumba yao haikuona giza. Wengine wakilala na mishumaa, wao wanakula mezani kama maharusi. Majirani walianza kununa, wakidai wamefunga jenereta la siri, na fundi, jamani, akawa anacheka.

Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua, isiyo na chanzo. Kisha taa ikaanza kufifia na kupanda, kufifia na kupanda. Na Kasuku akanyamaza. Alilala mchana kutwa, miguu baridi, na bibi akimwambia "Sema shikamoo" anamtazama tu.

"Minyoo," alisema bibi, lakini sauti yake haikuamini.

Magharibi moja mtoto alikuwa amelala mkekani chini ya taa, na fundi akainua mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza, akasikia pumzi ya mwanawe ikiingia na kuona mwanga ukizama, pumzi ikitoka na mwanga ukipanda, akajiambia ni macho yake yamechoka, ni uzi mweupe wa kutwa nzima, mpaka Kasuku alipokohoa na pumzi ikamkwama kooni na chumba chote kikawa cheusi, na humo gizani, juu kule darini, kitu kikagugumia kwa hasira kama mtu aliyenyang'anywa sahani, na pumzi iliporudi taa nayo ikarudi.

Alikimbilia swichi kubwa ya mita akaizima. Taa haikuzimika. Akamnyakua mwanawe, mbio hadi kwa jirani kulikokuwa na giza, na alipovuka tu kizingiti balbu ya jirani ikawaka. Jirani wa watu akapiga makofi. "Umerudi!"

"Nyamaza!" fundi alilia. "Nakuomba, usiseme kitu!"

Mganga alikuja kesho yake, mama mnene mwenye mkoba na kikohozi, asiye na muda wa porojo. Akasimama chini ya taa akanusa.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi," bibi alisema polepole. "Lakini nilikuwa naukaribisha umeme!"

"Ulimwona aliyeingia?"

Bibi alitikisa kichwa.

"Basi hana kosa, dada yangu. Kaitwa, kakaa, na anakula anachokikuta. Mgeni wa hivi hafukuzwi, atavunja nyumba. Anasindikizwa. Wewe uliyemwita utamtoa mpaka njia panda, na usigeuke nyuma. Muage vizuri. Ila lile neno la kumwambia mgeni arudi, leo lisitoke. Likitoka, mimi msiniite tena."

"Nitalimeza," bibi aliapa.

Giza lilipoingia mganga alifungua balbu akaiweka mezani, nayo bado inawaka, hafifu, ikipanda na kushuka na kifua cha mtoto. Bibi alisimama mlangoni kama anavyosimama siku zote akiaga wageni.

"Mgeni wetu, umetukalia vya kutosha. Ahsante kwa kuja. Twende nikusindikize."

Kisha akajifunga mdomo kwa kitambaa, maana alijijua.

Balbu ilizimika. Kitu kikampita fundi mlangoni, karibu kabisa, harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani, na akasikia kandambili za bibi zikiburuzika uani, na nyuma yake nyayo nyingine, tupu, nzito, zikimfuata taratibu kuelekea barabarani, mbali, mbali zaidi, na hapo gizani mwanawe akavuta pumzi moja ndefu, safi, ya mtu aliyetua mzigo. Fundi alimpapasa miguu. Ilikuwa na joto. Akaangua kilio cha furaha, akambusu kila mahali, na mganga naye akasema alhamdulillahi.

Kasuku alifumbua macho. Alisikia hatua za mgeni anayeondoka. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kumwonya. Akainua mkono wake mdogo kuelekea mlangoni, na kwa sauti yenye afya tele, kama bibi alivyomfundisha tangu alipojua kusema, akaaga.

"Kwaheri, mgeni! Karibu tena!"

Kule nje kandambili ziliendelea kwenda. Zile nyayo nyingine zilisimama, kisha zikaanza kurudi.