Ndiyo ya Darasa Zima

Kipimauelewa hakichoki, hakiugui, wala hakiulizi chai iko wapi. Kimetundikwa darini katika kila darasa la Morogoro, kitu cha ukubwa wa sufuria, na kazi yake ni kusikiliza. Mwalimu akimaliza kueleza huuliza, "Tumeelewa?" Watoto wakiitikia, "Ndiyooo!" mtambo unaichambua sauti ya kila mmoja, unapima wepesi na uthabiti wake, kisha unatoa alama. Kwa alama hizo huandikwa mpango wa msaada wa kila mtoto. Watu waliusifu mtambo huu, na kweli ulikuwa mzuri, mradi mtoto wako asiwe Hidaya.

Hidaya Mkude, wa miaka tisa, masikio yake yalikuwa mazima. Shida ni kwamba maneno yakifuatana haraka yalimponyoka. Mweleze polepole, mchoree, atakushangaza. Mama yake, Asumini, fundi wa minara ya umeme wa upepo, aliomba mtoto apewe mwalimu wa kukaa naye kila siku. Mpango ukaja: dakika ishirini kwa wiki, tena na roboti. Sababu iliyotolewa ni kwamba uelewa wa mtoto ulikuwa asilimia themanini na nane.

"Themanini na nane ya nini?" Asumini alifoka. "Somo la jana tu hawezi kunisimulia!"

Akakata rufaa siku hiyohiyo. Kisha, kwa kuwa fundi hatengenezi asichokiona, akaomba ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa asubuhi nzima. Mwalimu alipouliza, "Tumeelewa?" Hidaya aligeuka upesi, akaitazama midomo ya mwenzake wa pembeni, akaidaka ile "ndiyo" ikiwa bado moto. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Asumini alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

Kamati ya rufaa, iliyokaa katika darasa lilelile, ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti wake, Bwana Mloka, alikuwa mpole lakini mgumu.

"Mama Hidaya, pole sana. Ila mtambo haudanganyi."

"Sijasema unadanganya, Mwenyekiti. Naomba tu uwashwe hapa."

Ukawashwa. Asumini akasimama, akavuta pumzi, akaanza kueleza mnara wake kwa kasi ya cherehani: "Upepo ukizidi, kidhibiti-pembe kinageuza mapanga, mhimili unapunguza mizunguko, breki ya sumaku inashika, jenereta inajitenga na gridi, halafu kinyume chake upepo ukitulia. Tumeelewa?"

"Ndiyo!" wakaitikia wote watatu kwa pamoja. Tangu darasa la kwanza, nani alipata kujibu vingine?

"Mwenyekiti," mtambo ukatangaza, "asilimia tisini na nne."

"Hongera, Mwenyekiti! Haya, kidhibiti-pembe kinafanya nini?"

Bwana Mloka alikohoa. Akamtupia jicho mjumbe wa kulia, naye alikuwa akimtazama wa kushoto.

"Hivyo hivyo ndivyo afanyavyo mwanangu," Asumini akasema. "Anamtazama jirani. Nyinyi mmefanya mara moja tu na mmeona aibu. Yeye anafanya kila siku, mwaka wa tatu sasa."

Kisha Bwana Mloka akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa akakubali. "Mama, umetuweza." Hapo hapo akaagiza Hidaya apewe mwalimu wa kila siku, na watoto wote waulizwe upya, mmoja mmoja, kwa maswali. Wiki haikuisha, katika darasa lile peke yake walipatikana wengine tisa kama yeye.

Asumini alirudi nyumbani kifua mbele. Akakaa jikoni kumenya viazi, na Hidaya akatandaza madaftari yake mkekani.

"Umeelewa kazi mliyopewa, mwanangu?"

"Ndiyo, mama," Hidaya akajibu upesi.

Kisu kikasimama. Ilikuwa "ndiyo" ileile ya darasani. Jioni nyingi katika miaka hiyo mitatu aliipokea papa hapa jikoni, akaridhika, akaendelea na sufuria zake. Alikuwa ameushitaki mtambo wa darini, kumbe na yeye alikuwa akipima vivyo hivyo.

Akafuta mikono, akaketi mkekani, akalivuta daftari, akalisoma mpaka mwisho.

"Mimi sijaelewa," akasema.

Hidaya alimkazia macho mama yake kwa muda mrefu, kama anayehakikisha kwamba hatagombezwa.

"Hata mimi, mama," akasema, na akampa penseli.