Rangi ya Meno ya Ndeanasia

Siku Anaeli alipoanza kumtafuta mke wake, mke wake alikuwa ameketi mbele yake akimpozea loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, kwa kijiko.

"Samahani, mama," alimwambia kwa adabu, "mwenye nyumba hii amekwenda wapi?"

Ndeanasia alicheka. Mumewe alikuwa mtu wa utani hata baada ya ugonjwa wa kusahau kumwingia. Lakini alipocheka, Anaeli alisogeza kiti nyuma. Alikuwa akiyatazama meno mapya ya mkewe, na kijiko alikikataa.

Meno hayo aliwekewa jana yake. Alikuwa ameteleza bafuni akavunja meno matatu ya mbele, na binti yao, Rogathe, akampeleka kliniki katikati ya jiji la Tengeru, ambako kazi ya meno ilifanywa na mashine iitwayo mfuameno. Haikuwa kubwa kuliko cherehani. Iliingiza kinywani mikono myembamba kama miguu ya buibui, ikayachonga meno mawili ya pembeni yawe nguzo. Kisha ikayasaga mabaki ya yale yaliyovunjika, ikaotesha kutokana na unga wake daraja jipya: meno matatu yaliyoshikana, yanayokaa juu ya nguzo hizo mbili. Kabla ya kuanza, akili unde yake iliuliza swali moja tu.

"Rangi yako, au rangi safi?"

Ndeanasia alikuwa wa kizazi cha mwisho kunywa maji ya Mlima Meru kabla hayajawekewa vichujio. Maji yale yalikuwa na floridi nyingi, na meno ya watoto walioyanywa yaliota na madoa ya kahawia yasiyofutika. Alipokwenda kusoma sekondari Tabora, wenzake walimuuliza kama kwao wanakula udongo. Tangu hapo alicheka akiwa ameziba mdomo kwa khanga. Kwa hiyo alijibu bila kusita, "Safi." Rogathe, aliyezaliwa baada ya vichujio, alipiga makofi. Mfuameno ikayang'arisha na meno mengine yote.

Hakuna aliyekumbuka kumuuliza Anaeli. Wakati huo alikwisha kusahau jina la mkewe, akawa anamwita Rogathe mwalimu. Alichobakiwa nacho ni uso ule ukicheka. Kila asubuhi aliishusha khanga ya Ndeanasia kwa kidole na kusema, "Usinifichie, nione mtu wangu." Akishamwona, alikula.

Sasa alimtafuta mtu wake nyuma ya nyumba, chini ya kitanda, kwa majirani. Chakula alikigusa tu.

"Nitakula akirudi," alisema.

"Mimi ndiye," alisema Ndeanasia.

"Wewe ni mama mzuri. Lakini mke wangu si wewe."

Mumewe alipoanza kulegea kwa njaa, Ndeanasia alirudi kliniki.

"Nirudishieni kahawia yangu," alimwambia daktari msimamizi, Loishiye.

Daktari alidhani hakusikia vizuri. "Mama, watu hulipia kuitoa."

"Na mimi niliitoa. Sasa naitaka."

Loishiye aliigeukia mfuameno. Akili unde ikajibu kwamba madoa hayo ni dalili ya ugonjwa, nayo haitengenezi ugonjwa. Loishiye aliizima kanuni hiyo kwa idhini yake mwenyewe. Mashine ikaomba mfano wa kufuata.

"Meno yako yaliyovunjika tungeyatumia," alisema Loishiye, "lakini ndiyo yaliyosagwa. Una picha ukicheka?"

Rogathe alipekua picha zote za familia. Harusini, kipaimara, sikukuu, kila mahali mama yake alikuwa amefumba mdomo au ameshika khanga.

"Baba anayo," alisema Rogathe ghafla. "Meno ya kahawia. Yeye na mama walikunywa maji ya mfereji mmoja."

Wakamleta Anaeli. Loishiye alipomwomba apanue kinywa ili mfuameno isome madoa, mzee alimkazia macho.

"Unanipima umri kama ng'ombe? Unanunua?"

"Bei gani, mzee?" aliuliza Loishiye.

"Muulize mke wangu. Ndiye mwenye zizi."

Ndeanasia alitazama pembeni. Mashine ikasoma. Baadaye daraja jipya lilipokaa na meno mengine kutiwa rangi hiyo hiyo, alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Kahawia ilikuwa kahawia. Mistari ilipita mahali ambapo huenda ilipita zamani, huenda haikupita. Hakuweza kusema.

Nyumbani alikaa mbele ya mumewe, akashusha khanga mwenyewe, akacheka.

Uso wa Anaeli ulifunguka wote. Alimshika mikono miwili, machozi yakimtoka.

"Eliwaza! Dada! Umepotea hivyo?"

Eliwaza alikuwa dada wa Anaeli, aliyefanana naye hadi meno, aliyefariki kabla Rogathe hajazaliwa. Ndeanasia alijikuta akicheka bado, asijue aache vipi. Mumewe alikuwa akimwangalia kwa mapenzi, mapenzi ya kweli, na hayakuwa yake.

"Umekutana na wifi yako njiani?" aliuliza Anaeli.

"Sijakutana naye."

"Ameondoka bila neno. Sijui nilimkosea nini."

"Hukumkosea."

"Ukimwona, mwambie arudi."

"Nitamwambia," alisema Ndeanasia, akachukua kijiko. "Kula kwanza."

Alikula sahani nzima.

Jioni Rogathe alimfuata mama yake jikoni. "Kesho turudi, mama. Wabadilishe mistari kidogo."

"Wabadilishe iweje, mwanangu? Hata mimi sikumbuki ilivyokuwa."

Anaeli anakula vizuri siku hizi. Ndeanasia analala chumba cha wageni, kwa sababu mumewe hataki dada yake alale kwenye kitanda cha mke wake.