Alama Mbili za Mwalimu Pumzi

Alama mbili.

Mwalimu aliyenifundisha kuimba kwa miaka minne alinipa alama mbili kati ya kumi… na majaji wenzake, watu wasionijua hata kwa sura, walinipa tisa na nane.

Fomu ilikuwa mkononi mwangu. Saini ilikuwa yake. Angenipa sita tu, nafasi ingekuwa yangu.

Nisomeni taratibu, kwa sababu wengi wenu mliisoma posti yangu ya mwaka jana. Wengine mliisambaza. Hii ndiyo sehemu iliyobaki, na sijipendi ndani yake.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha sanaa miezi mitatu tu kabla ya hapo. Bendi moja kubwa ilitafuta mwimbaji wa kike: mkataba wa mwaka mzima, maonyesho sita kwa wiki, sura yako kwenye mabango. Tulijitokeza thelathini na mmoja. Tuliimba nyuma ya pazia, kila mtu na namba yake, ili majaji wasijue nani ni nani.

Mimi nilikuwa namba kumi na nne.

Jaji wa tatu alikuwa mwalimu wangu. Chuoni tulimwita Mwalimu Pumzi, maana ukikosea chochote, hata ukichelewa darasani, dawa yake ilikuwa moja: vuta pumzi, anza upya. Pazia halikuwa kitu kwake. Mtu yule angenitambua kwa hewa ninayovuta kabla sijatoa neno.

Alinitambua. Kisha akanipa mbili.

Karani wa bendi, ambaye tulisoma pamoja, alinionea huruma, akaniruhusu kuitazama fomu ofisini kwake kwa dakika moja. Nikaipiga picha. Siku hiyohiyo nikaiposti.

Niliandika mambo ya kweli: alama, saini, miaka minne. Halafu nikaongeza sentensi moja ambayo sikuwa na ushahidi wake hata chembe: "Wadada mliosoma vyuo, mwalimu akikukomoa hivi, mnajua wenyewe ulimkatalia nini."

Nilimkatalia nini, sikusema. Niliwaachia mjaze wenyewe.

Mkajaza.

"Fisi mzee huyo."

"Wangapi wamepita hapo?"

Wasichana nisiowajua walisimulia mambo waliyofanyiwa na walimu wengine, katika vyuo vingine. Mambo ya kweli, ninaamini. Chini yake watu wakaweka jina la mwalimu wangu. Chuo kilimsimamisha kazi wiki ileile. Muhula ulipokwisha, hakikumrudisha.

Alinipigia simu mara saba. Nikamblok. Alikuja nilikopanga mara mbili. Nilimsikia akigonga, nikaongeza sauti ya redio. Mara ya pili mwenye nyumba alimuuliza shida yake nini. Akasema ana neno moja tu na mimi, la afya yangu. Mwenye nyumba akamwambia neno hilo akamwambie mkewe, na akimwona tena pale atamwitia vijana wa mtaa.

Mimi nilikuwa ndani. Nilisikia kila kitu… hata lile neno afya. Nikasema moyoni, mjanja huyu.

Posti ile ilinipa umaarufu, na umaarufu ukanipa kazi. Hoteli moja ilinichukua niimbe siku zote isipokuwa Jumatatu. Koo lilikuwa linakwaruza kidogo. Nikawa nakunywa maji ya moto na asali, nasukuma siku.

Mwezi wa nane mwaka huu, katikati ya wimbo, sauti ilikatika. Haikushuka, haikukwaruza. Ilikatika. Bendi ikaendelea kupiga mistari miwili mizima bila mimi, wakidhani ni mbwembwe.

Daktari wa koo aliingiza kamera, akanigeuzia skrini nijionee.

"Hii ilianza lini?"

Nikamwonyesha kidole kimoja. Mwaka.

"Ungekuja wakati ule, ningekunyamazisha miezi miwili, ukafanya mazoezi, ukarudi kazini. Sasa uvimbe umepasuka, umeacha kovu kwenye nyuzi za sauti. Kovu halitetemeki. Utaongea, taratibu. Kuimba, hapana."

Nilitoka pale nikaketi kwenye benchi la mapokezi. Hapo ndipo nilipolazimika kukumbuka jambo ambalo nilikuwa nalikwepa.

Fomu ile ilikuwa na maandishi nyuma. Nilipoipiga picha niliona wino umepenya. Sikuigeuza. Upande wenye alama mbili ulinitosha.

Nilimwandikia karani. Akaitafuta kwenye faili, akanitumia upande wa nyuma. Mwandiko ule naujua.

"Namba 14: sauti inachelewa kushika kwenye noti za kati. Nyuzi za sauti zimeanza kuvimba. Maonyesho sita kwa wiki yatamharibu. Apelekwe kwa daktari kwanza. Akipona, mchukueni bila kumsikiliza tena. Hakuna atakayemfikia."

Meneja wa bendi alijumlisha namba. Maoni hayakusomwa na mtu.

Nilikwenda nyumbani kwake. Mkewe alifungua, akanitambua, akanipisha bila salamu. Mwalimu alikuwa sebuleni anabadilisha nyuzi za gitaa la mteja. Ndiyo kazi inayomlisha sasa. Nikajaribu kunong'ona: shikamoo, mwalimu.

"Marahaba. Usinong'one," alisema. "Kunong'ona kunaumiza koo kuliko kusema. Andika."

Akanipa penseli. Nikaandika: Nisamehe. Akasoma, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Akauliza daktari amesemaje. Nilipomwandikia, aliweka gitaa chini, akatoka nje. Hakurudi mpaka nilipoondoka.

Mkewe ndiye aliyebaki na mimi.

"Hiyo umemwandikia yeye," alisema. "Binti yetu ana miaka kumi na miwili. Zile komenti zenu alizisoma kabla yangu. Siku hizi baba yake akiingia chumbani, yeye anatoka."

Ndugu zangu, somo ni fupi. Wewe uliyetendewa kweli, sema, wala usinyamaze kwa sababu yangu. Mimi sikutendewa. Nilishindwa, nikatafuta mtu wa kubeba kushindwa kwangu, nikampata yule aliyekuwa mlangoni kwangu na msaada.

Sauti haitarudi. Kazi yake pia haijarudi. Barua yangu kwa chuo bado haijajibiwa.

Lakini wewe, mdogo wangu, najua unasoma kila kinachoandikwa kuhusu baba yako. Basi soma na hii.

Baba yako hakuwahi kuniomba chochote. Hakunigusa, hakunitumia ujumbe wa ovyo. Kwa miaka minne alinifundisha mlango ukiwa wazi, hata wapiga ngoma wa chumba cha pili walipotuzidi kelele. Niliandika uongo nikiwa na akili zangu timamu.

Akiingia leo, usitoke.