Mbavu za Saa Saba

Kila Jumamosi binti mmoja aliosha vyombo, akapiga deki, kisha akafungua madaftari yake kwenye meza ya jikoni. Majirani walimwita Kiherehere. Jina lilimfaa: hata chai aliimimina kabla haijachemka.

Jumamosi hii alikuwa na kazi ya ziada. Mama yake, mpishi wa jiko la hospitali, alikuwa ameomba kazi ya mpishi mkuu katika mgahawa mpya. Mwenye mgahawa angefika nyumbani saa saba mchana kuonja chakula kimoja tu: mbavu za nguruwe zilizopakwa sosi ya soya, asali, siki na tangawizi. Mama alijifunza upishi huo kwa mpishi aliyetoka Asia Mashariki. Kwa miaka tisa alikuwa amepika uji usio na chumvi. Mbavu hizo zilikuwa nafasi yake.

"Saa tatu uwashe oveni, moto mdogo," mama aliagiza alfajiri akivaa viatu. "Foili iliyofunika trei ya mbavu usiifunue. Sosi nitapaka mwenyewe nikirudi saa sita. Kazi yako ni kulinda, si kupika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Saa nne Kiherehere alichungulia. Nyama ilikuwa imepauka na kujikunyata kama mtu aliyeugua wiki nzima. Aliona itamwaibisha mama. Akaondoa foili, akaongeza moto hadi mwisho, akapaka sosi nusu bakuli. Mbavu zikang'aa. Baada ya robo saa, moshi ukajaa jikoni.

Kaka yake aliingia akikohoa. "Unaoka nyama au unachoma mkaa?" Akachoma ubavu mmoja kwa uma, uma ukagoma. "Nje majivu, ndani mpira! Leo maji yamezidi unga, dada."

"Nifanye nini?"

"Sema oveni imeharibika. Nani atajua?"

Kiherehere alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu. Akachukua simu.

"Mama, nimeharibu. Nilifunua foili, nikaongeza moto, nikapaka sosi. Zimeungua."

Sufuria za hospitali ziligongana simuni.

"Sosi imebaki kiasi gani?" mama aliuliza.

"Nusu bakuli."

"Basi acha kulia, sikiliza. Asali huungua upesi. Ndiyo maana hupakwa mwisho. Kwangua weusi wote kwa kisu. Tia kikombe cha maji ya moto kwenye trei, ufunike vizuri, urudishe moto mdogo. Kisha kaa mbali na oveni."

Kaka alishika trei akinung'unika, Kiherehere akakwangua. Kazi hiyo iliwachukua dakika ishirini. Baadaye aliketi mezani, akakalia mikono yake ili isimponze tena.

Mama aliporudi alinawa mikono. Saa saba kasorobo alifunua trei, akapaka sosi kidogo kidogo, mara tatu, kwenye moto mkali.

Mwenye mgahawa alifika kwa wakati. Alivuta mfupa mmoja. Ukatoka mtupu, nyama ikabaki sahanini. Akala mbavu tatu. Kisha akageuza wa nne. "Mbona huu una kovu?"

Mama alifungua kinywa, lakini binti alimtangulia. "Ni mimi. Niliziunguza saa nne."

Mgeni alimtazama mama. "Nawe ukaziokoa?"

"Yeye ndiye aliyeziokoa. Mimi nilikuwa kwenye simu tu."

Mgeni alifuta vidole taratibu. "Jikoni kwangu kila siku kitu huungua, na kila siku nadanganywa kwamba ni jiko. Nataka mpishi ambaye watu hawaogopi kumwambia ukweli. Jumatatu njoo na visu vyako."

Alipoondoka, kaka alichukua ubavu wenye kovu, akautafuna. "Hata mkaa wake mtamu," alisema.

Mama alikusanya sahani. "Leo umekosea mara moja, mwanangu: hukufuata maelekezo. Hilo usilirudie. Lakini hukuongeza kosa la pili. Ungeniambia saa saba, ningeweza kukusamehe tu. Uliniambia saa nne na nusu, tukapata muda wa kurekebisha. Ukikosea, sema mapema."

Kiherehere akaanza kusugua trei. Weusi uliganda pembeni, akataka kuukwangua kwa nguvu. Kisha akatia maji ya moto, akaketi, akasubiri ulainike.