Dakika Mbili za Taa

Kavuo aliitupa pikipiki yake ya Boxer chini kabla injini haijazimika.

Mbele yake, mtu mwenye begi jeusi alikuwa ameshaingia kwenye jengo la ghorofa nne, katikati ya Butembo. Ndani ya begi mlikuwa na viwashio arobaini vya mabomu. Jioni vilitakiwa kufika Eringeti, kwa wauaji wa wakulima.

Mwenye begi aliitwa Zacharie, mdogo wa baba yake Kavuo. Ndiye aliyemlea Kavuo kule Musienene baada ya wauaji hao hao kumuua baba yake shambani. Wiki nzima Kavuo alikuwa amekataa kuliamini jina hilo kwenye faili la upelelezi. Leo alimwona kwa macho yake.

Alichomoa bastola yake ya Glock, akapanda. Ngazi haikuwa na dirisha hata moja, lakini Zacharie alikuwa amewasha taa akipita chini.

Risasi ilipasua plasta karibu na sikio lake.

Kavuo alijibanza nyuma ya nguzo, ghorofa ya pili. Zacharie alikuwa juu, nyuma ya ukuta wa ghorofa ya tatu. Katikati yao palikuwa na mlango mmoja wa kutorokea. Kavuo aliulenga.

Redio yake ya Motorola ilikoroma. Alikuwa Delphin, mwenzake, garini nje pamoja na Ésaïe, fundi aliyefunga umeme wa jengo.

"Kavuo, sikia. Ésaïe anasema ile ngazi iko na minuterie. Kila étage iko na bouton. Ukigusa yoyote, taa zote zinawaka dakika mbili, kisha zinajizima zenyewe."

"Na nikigusa tena mbele zizime, zikiwa bado zinawaka?"

"Inaanza kuhesabu upya. Bouton ya kuzima hapana."

Dakika moja ilishapita. Giza likiingia, Zacharie angeshuka hatua sita, afike mlangoni, basi. Kitufe cha ghorofa ya pili kilikuwa ukuta wa upande wa pili, mbele ya bastola ya Zacharie. Tochi nayo ingemwonyesha Kavuo alipo.

Lakini alimjua mzee huyu, tena kwa uchungu. Bahili wa mafuta! Alikuwa anaamka kitandani kwenda kuzima koroboi, watoto wakiwa bado wanasoma.

"Baba mudogo!" aliita. "Taa inawaka, na mulango niko nauona. Hautapita!"

Juu, mkono wa Zacharie ulitambaa ukutani, ukabonyeza kitufe ili kuzima, na palepale akatoka mbio.

Taa ziliendelea kuwaka.

Alisimama katikati ya ngazi, akizikodolea balbu. "Mais... mbona haizime?"

"Inajizimaka yenyewe. Ungengojea tu."

Aliinua bastola. Kavuo alimpiga risasi ya bega. Begi lilibingirika hadi miguuni pa Kavuo. Viwashio vyote vilikuwamo.

"Delphin. Muzigo tuko nao. Leta pingu."

"Bravo, chef!"

Bravo ya nini?

Zacharie aliegemea ukuta, ameshika bega. "Ile kazi ya kuwapelekea muzigo njo ilikusomesha, Kavuo."

"Ulianza lini?"

Mzee aliangalia pembeni. "Mbele baba yako afe. Akiwa bado muzima."

Delphin alifika akihema, akamnyooshea pingu.

"Funga weye," Kavuo alisema.

Alirudisha Glock kiunoni, akashuka bila haraka, akainua Boxer yake. Akaelekea Musienene amwambie mama yake, asije akasikia kwa redio.